Mlima wa Sultani Badi

Palikuwa na sultani mmoja huko Kipepo, jina lake Badi, mwenye kila kitu duniani isipokuwa mlima. Alikuwa na wake, alikuwa na farasi, alikuwa na kilemba kirefu kuliko akili zake. Mlima, hana. Nyuma ya mji wake palikuwa na vilima vya mchanga tu, vile vinavyohamahama na upepo kama mpangaji mkorofi.

Isingekuwa taabu, lakini Badi alikuwa na domo. Alimpelekea salamu Mtemi Ngasa wa bara, mtu aliyezaliwa chini ya mlima wa mawe matupu, akamwambia: "Hata mimi ninao. Ule wako ni mtoto."

Mtemi akajibu: "Vizuri. Nakuja kuuona."

Hapo mwenzenu jasho likamtoka. Kujenga mlima hawezi. Akaona rahisi ni kubadili neno. Mpiga mbiu akazunguka mji mzima: "Kuanzia leo hapa Kipepo hakuna vilima vya mchanga! Kuna mlima! Atakayesema kilima, atakayesema mchanga, atanyang'anywa alicho nacho!"

Watu wa Kipepo wana heshima zao. Walitii. Walitii mpaka ikawa kero. Asubuhi wanawake walifagia mlima uliowaingia ukumbini. Mtoto akilia, ah, mlima umemwingia jichoni. Hata Sultani mwenyewe siku moja alitafuna tonge, likalia kwacha mdomoni, akalitema. "Kuna nini humu?" Mpishi akainama: "Mlima, Seyyid. Mchele haukupetwa vizuri."

Sasa alikuwapo Mwanakheri, mjane, muuza maji. Mali yake yote punda mmoja, na ulimi usiohitaji kunolewa. Siku moja punda kazama miguu njiani, kagoma. Mwanakheri akamfokea: "Panda kilima, we mvivu! Watu wana kiu!"

Askari akasikia. Punda akaswagwa, akafungwa uani kwa Sultani. Bila punda hakuna maji ya kuuza, na bila maji chungu cha Mwanakheri kinalala kifudifudi. Akajifunga kanga, akaenda barazani. Alipopita uani alimwona punda wake kainamisha masikio, roho ikamuuma. Lakini uso wake hata hakuukunja.

"Wewe mwanamke," Sultani akanguruma, "hukusikia mbiu?"

"Nilisikia, Seyyid. Ambaye hakusikia ni punda, na mimi nilikuwa nasema na yeye."

"Ungemwambia apande mlima!"

"Punda akisikia mlima, Seyyid, anarudi nyumbani."

Watu barazani wakakohoa. Unajua kile kikohozi cha mtu anayemeza kicheko.

"Tazama kule dirishani," Sultani akasema. "Unaona nini?"

"Nitazame cha leo au cha jana?"

"Kuna tofauti gani?"

"Cha jana kilikuwa nyuma ya kisima. Cha leo kimeketi ndani ya kisima."

"Kinaitwaje?"

"Mwenye kisima anakiita majina, Seyyid. Hayasemeki mbele ya kadhi."

Kadhi akajifanya anatafuta tasbihi yake. Sultani macho yakamwiva. Alitaka kumfukuza mji palepale, ila akakumbuka kitu: Mtemi Ngasa hawaamini mawaziri. Huuliza watu wa chini. Akapunguza sauti.

"Sikiliza. Mtemi akija, utasimama mbele yake wewe, na ngozi yako hiyo ya jua. Akiuliza habari za mlima, utamjibu. Ukitamka kilima, ukitamka mchanga, punda ni wangu, na wewe unahamishwa mji. Usipotamka, punda ni wako."

"Nijibu niwezavyo?"

"Uwezavyo, mradi uuite mlima."

"Apa, Seyyid."

"Mimi niape? Kwako?"

"Basi Mtemi atamuuliza punda."

Badi akaapa, mbele ya kadhi, meno yamekazana.

Usiku wa kuamkia ugeni upepo ulivuma kama umetumwa. Asubuhi Sultani akafungua dirisha: kile kilima kikubwa alichokuwa anakitunishia kifua hakipo. Pamebaki uwanda, bapa kama sinia. Na mgeni huyo anaingia! Farasi wake walikataa njia, kwa hiyo Mtemi kaja kwa miguu tangu alfajiri, ndevu zimekuwa za rangi ya biskuti, anatembea kama bata mwenye jipu. Akaketi, akafuta macho.

"Badi, ndugu yangu, nimekuja kuona mlima. Uko wapi?"

Sultani akamtazama Mwanakheri, aliyesimamishwa kando, kwa macho ya mtu anayezama.

"Mama," Mtemi akamgeukia, "wewe unakaa hapa. Mlima uko wapi?"

"Kwanza nikuulize, baba. Ule wa kwenu, mgeni akija, unafanya nini?"

"Unafanya nini tena? Umekaa palepale tangu enzi za babu zangu. Mgeni ndiye anaufuata."

"Basi hauna adabu. Mlima wa Seyyid ukisikia mgeni yuko njiani, hauketi. Unatoka kwenda kumlaki."

Sultani aliruka kitini. "Umesikia, Ngasa? Mlima wenye adabu! Wako unao huo?" Akampiga askari kofi la furaha mgongoni. "Mfungulieni punda wake! Sasa hivi!"

Punda akaletwa. Mwanakheri akaishika kamba, akaizungusha mkononi mara mbili, akamgeuza mnyama uso mlangoni.

Mtemi bado kakunja kipaji cha uso. "Ngoja, mama. Njia nzima nimeitembea mwenyewe, na sijakutana na mlima wowote."

"Umekutana nao, baba," akasema Mwanakheri. "Vua viatu uumwage."