Mwenye Daraja na Avuke

Hapo zamani, sultani mmoja, Daruweshi jina lake, aliziba mkono wa bahari kwa tuta la mawe, na katikati penye mkondo akajenga daraja, barabara ya pwani ikapita juu yake. Watu wakafurahi, lakini furaha yao haikufika jioni. Sultani alichelea mafukara wasimchafulie kazi yake, akaamuru: "Asivuke mtu hapa ila mwenye daraja." Maana yake cheo. Basi ikawa makadhi na mawaziri wavuka wakavu, na wengine wote wangoja maji yapwe wapite topeni.

Palikuwa na fukara aitwaye Tosiri, mwenye maneno mengi kuliko mali. Asubuhi moja mkewe alishikwa na uchungu wa kuzaa, naye akavuka topeni kumwita mkunga, Bi Kibibi, ng'ambo ya pili. Waliporudi, maji yamejaa pomoni. Tosiri hakuweza kungoja yapwe, maana mimba ilikuwa ya kwanza na mke yu peke yake; wakaenda darajani.

Bawabu aliyewekwa hapo na sultani akauliza, "Una daraja?"

Tosiri akamtazama, kisha akarudi mbio hata nyumbani kwa mkunga, Bi Kibibi akimfuata, akang'oa ubao uliolazwa juu ya mtaro mbele ya mlango.

"Una wazimu, Tosiri? Mkeo ana uchungu nawe waniibia ubao?"

"Shika nyuma, mama, twende."

Wakafika wameubeba. "Daraja tunalo," akasema Tosiri. Sultani, aliyekuwa akipunga upepo karibu, akaja amevimba kwa hasira.

"Ewe mpumbavu, hilo nalo daraja?"

"Naam, maulana. Hulazwa juu ya mtaro, watu wakavuka. Amri yako haikutaja ukubwa."

"Basi niambie, lipi lina cheo zaidi, langu au lako? Ukikosea nakufunga."

Tosiri akajibu, "Maulana, cheo cha daraja ni kuvusha. Hili limevusha wazazi, wakwe, mbuzi, hata mwizi wa kuku. Lako leo limemvusha nani?"

Sultani akageuka kutazama. Juu ya daraja zima alikuwapo kadhi mmoja tu, naye anasinzia juu ya punda. Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea, kisha haya ikamshika.

"Bawabu, wapishe. Na kila atakayekuja nyuma yao, mpishe. Nawe mama, mchukue punda wa kadhi."

Kadhi akashushwa, Bi Kibibi akapanda, na mtoto akazaliwa jua halijachwa. Mpaka leo watu wa upande ule, ukimwuliza mmoja wao pale darajani ana daraja gani, hukuonyesha chini ya nyayo zake.