Theluji ya Unga wa Muhogo

Wako watu wanaoamini kwamba kitu hakiwi kizuri mpaka kitoke mbali. Hawa huangaza macho ng'ambo ya milima na kuyasahau yaliyo mlangoni pao. Nasrin, fundi cherehani wa mjini Same, alikuwa mmoja wao, na iliyomfunza vingine ni treni isiyozidi urefu wa mkono.

Nasrin alipenda kuunda reli ndogo kama wengine wanavyopenda mpira. Hakufundishwa na mtu. Reli alizitengeneza kwa spoku za baiskeli, mataruma ya kuzilaza juu yake kwa vijiti vya mkonge, na kichwa cha treni kiliendeshwa na mota ya redio kaseti iliyokufa. Kila alichomaliza alikipiga picha kwa simu. Yote hayo aliyafanya katika ghala la kaka yake Chande, mfanyabiashara wa vitunguu, ambaye uvumilivu wake ulikuwa umefika ukingoni.

"Mdogo wangu, ghala ni la vitunguu," Chande alimwambia. "Maonyesho ya wilaya yanakuja. Watu wakisimama kuitazama treni yako, baki. Wakiipita kama banda la kinyozi lililofungwa, naing'oa."

Nasrin alijifunga kibwebwe. Aliunda milima ya Ulaya aliyoiona kwenye simu, yenye ncha kali kama sindano, akainyunyizia unga wa muhogo uwe theluji. Akapiga picha, akampelekea kaka yake.

Chande aliisogeza simu karibu na pua. "Na hawa ng'ombe weusi kwenye theluji?"

Nasrin alitazama. Sisimizi walikuwa wameufuata unga, wakapanga foleni hadi stesheni.

"Ni abiria," alisema kwa unyonge.

"Abiria wenye miguu sita! Haya, na hapa ni wapi?"

Nasrin aliitazama tena picha. Hakujua. Hakujua treni ya huko hupinda wapi, wala watu wake hushuka wamebeba nini. Ya Same aliijua kama kiganja cha mkono wake.

Akakung'uta unga wote. Alichekecha udongo mwekundu kwa chujio la chai, akasimika vijiti vya miiba vikawa migunga, akakata chupa za kijani zikawa mikonge. Kwa nta na vipande vya vitambaa aliunda watu wa stesheni: mama mwenye ndizi kichwani, mzee wa kanzu anayekimbia huku ameshika kofia, na mbuzi aliyekataa kupanda behewa. Milima ndiyo iliyomshinda. Kila mlima aliouchora kwenye boksi ulifanana na kiazi.

"Kwa nini niichore, na ipo?" alijiuliza mwishowe.

Aliubeba ubao wenye reli na watu wake hadi nyuma ya ghala, akauweka juu ya mapipa, Milima ya Upare ikiwa nyuma yake. Upepo ukamwangusha mzee na mbuzi. Akawasimamisha, ukawaangusha tena. Akawagandisha kwa nta, akainama hadi jicho la simu likawa sawa na reli, akasubiri. Wingu lilipotambaa na kuuacha mlima wazi, alibonyeza.

Siku ya maonyesho picha hiyo, iliyochapishwa kubwa kama dirisha, ilitundikwa juu ya meza iliyofunikwa shuka. Ernesta, muuza tangawizi kutoka milimani, alisimama wa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Treni hii ilipita lini? Mbona sikuiona, na mimi stesheni sibanduki?"

"Inapita sasa hivi, mama," alijibu Nasrin, akavuta shuka.

Treni ilinguruma, ikapinda. Watu wakajaa kama nyuki. "Mbuzi yule ni wa kwetu! Ubishi ule naujua!" mmoja alipiga kelele. Wa nyuma walipanda juu ya magunia ya banda la jirani, alikouzia Chande.

"Vitunguu vyangu!" alifoka Chande. Akajipenyeza awafukuze, macho yake yakamwangukia mzee wa kanzu. "Huyu si marehemu baba? Maskini, hakuwahi kuiwahi treni hata siku moja!" Akacheka hadi machozi yakamtoka. "Mdogo wangu, vitunguu vitajitafutia pa kulala. Ghala ni lako."

Ernesta alivua khanga yake ya begani, akamvika Nasrin kama anavyovikwa mcheza ngoma hodari. Akina mama wengine wakafuata kwa vigelegele, mpaka khanga zikamfika Nasrin masikioni. Hakuna aliyemtuza kwa milima ya watu. Walimtuza kwa yao. Hakika, mcheza kwao hutunzwa.