Kiboko, Pelele na Foleni ya Kura

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa bwawa, na wenye kiu yao.

Basi wanyama wa bwawani walikuwa wanachagua mwenyekiti wa kijiji. Wagombea walikuwa wawili: Kiboko, mkubwa tena mlafi, na Pelele, mnyama mdogo kama sungura, mwenye ulimi mwepesi.

Sera ya Kiboko ilikuwa hii: kila anayekunywa alete mzigo wa majani, naye Kiboko ataufungua mfereji unaoleta maji bwawani. Sera ya Pelele ilikuwa hii: maji bure, mzigo hakuna. Mama Kanga akauliza mfereji utafunguliwa na nani. Pelele akamjibu kwamba maji yanaijua njia yake. Wote wakacheka, na Mama Kanga naye akacheka.

Lakini Kiboko alikuwa anaogopwa, na Pelele alijua kwamba wengi watamchagua. Siku moja kabla ya kura akampelekea majani mabichi, akamwambia mgombea mwenye njaa hapendezi. Kiboko akala, nyafu nyafu. Akaongezewa, akala, nyafu nyafu. Akaletewa tena, akala.

Kura ilikuwa ya kupanga foleni nyuma ya mgombea. Asubuhi foleni ya Kiboko ilikuwa ndefu. Mara tumbo likanguruma, ngruuu. Na kiboko, kama mjuavyo, akijisaidia huzungusha mkia. Pwata, pwata, pwata! Waliosimama karibu wakapata kinyesi usoni. Foleni yote ikahamia kwa Pelele, naye akashinda. Kiboko akaona aibu, akateremka na mto.

Kijiji kikacheka mpaka kiangazi kikafika. Matete yakaota mferejini, tope likajaa, maji yakakoma. Pelele akachimba kwa vidole vyake, kwaru kwaru, akashindwa. Vifaranga vya Mama Kanga vikafa kwa kiu.

Pelele akamfuata Kiboko huko chini, akapiga magoti. "Kaka, rudi. Uenyekiti chukua wewe."

Kiboko hakukasirika. "Mdogo wangu, huku nimeshapata makao. Majani yenu nilitaka mengi mno, hilo kweli. Lakini ungenishinda kwa hoja, ningebaki pale pale mpinzani wako, na mfereji ningeupita kila siku, usizibe."

Pelele akarudi peke yake. Mama Kanga hakumlaumu. Alisema tu kwamba siku ile alihama foleni huku akijifuta uso, na hakukumbuka kufikiri.

Ngano yangu nimeiacha palipokuwa na bwawa. Anayeitaka na aifuate huko. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mkienda kupiga kura, msijisumbue na sera. Angalieni tu msisimame nyuma ya aliyeshiba.