Pimbi na Swali la Jana

Paukwa!

Pakawa!

Ndiyo sauti hiyo? Au hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na mwamba. Mwamba mweusi, mkubwa, umejaa mapango. Humo waliishi pimbi na nguchiro. Nyasi tamu zilikuwa chini, na panzi wa nguchiro humo humo. Tai alikuwa juu. Pimbi akishuka kula, Tai naye hushuka kula. Fyuuu! Nyaku! Basi tena.

Palikuwa na mlinzi wa kukaa kileleni na kupiga mbinja. Lakini mlinzi huyo naye akanyakuliwa. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kushuka. Watoto wakalala njaa, wakaamka na njaa.

Mwalimu wa walinzi alikuwa Ndege Karani, yule wa miguu mirefu na manyoya kama kalamu kisogoni. Karani hakufundisha kutazama. Macho kila mtu anayo. Alifundisha kufikiri: hili likiwa kweli, lipi jingine ni lazima liwe kweli? Na kila asubuhi, umande haujakauka, jaribio. Jaribio fupi, swali moja. Leo jaribio. Kesho jaribio. Keshokutwa jaribio.

Wakajitokeza wawili kuutaka ulinzi: Nguchiro, na Pimbi mmoja, mama wa watoto wawili.

"Mwalimu," Pimbi akalalamika, "si utupe mtihani mmoja mkubwa mwisho wa kiangazi, yaishe?"

"Kwani Tai huja mwisho wa kiangazi tu?"

Pimbi akaketi kungoja swali.

Karani akauliza, "Pimbi saba wamelala katika mapango sita. Ni lazima liwepo pango lenye zaidi ya mmoja?"

Pimbi akababaika. Nguchiro naye akababaika.

"Lazima," akasema Karani. "Nendeni mkafikiri kwa nini."

Hawakwenda kufikiri. "Dada," Nguchiro akanong'ona, "dawa yake ni kukariri. Jibu ni 'lazima'. Kwisha!" Na Pimbi akapiga magoti pangoni akaomba, "Mola wangu, kesho nipe swali la jana."

Asubuhi, Karani akauliza, "Nguchiro sita, mapango saba. Ni lazima liwepo pango lenye zaidi ya mmoja?"

"Lazima!" wakapaza sauti wote wawili.

Puu! Karani akapiga mguu chini. "Kosa! Kila mmoja si anaweza kulala peke yake?"

Siku nyingine tena. "Tai akija, ndege wote wa bondeni hunyamaza. Hilo halijakosea hata siku moja. Sasa ndege wamenyamaza, jii. Ni lazima Tai awe amekuja?"

"Lazima!"

Puu! "Kosa! Mvua nayo huwanyamazisha."

Pimbi akarudi pangoni kichwa chini. Mtoto wake mdogo alikuwa analamba jiwe. Analamba jiwe, jamani! Pimbi akageuka, akamfuata Karani mbio.

"Mwalimu, nisamehe. Nimekosa. Nilikariri, sikuelewa. Tena nimemsumbua Mungu anipe swali la jana, na kichwa alishanipa."

Karani akainama. "Basi, mwanangu, ukikosa usilifukie kosa. Libebe. Ligeuze huku, ligeuze kule. Mweleze mwingine mpaka aelewe."

Pimbi akalibeba kosa lake. Akakusanya kokoto, hizi pimbi, haya mapango. Akapanga, akapangua, akawaeleza wanawe mpaka wakamwambia, "Mama, tumeelewa, tulale!" Lile la ndege akaligeuza huku, akaligeuza kule. Na dua yake ikabadilika: "Mola, nipe utulivu kwa swali la leo." Akapata moja, akakosa moja, akapata mawili. Mwishowe yeye ndiye akawa anamngoja mwalimu.

Siku moja Karani akasema, "Leo jaribio ni kileleni. Wenye njaa wote watoke."

Wakatoka. Ukungu ulikuwa umefunika mbingu. Mara kivuli kikubwa kikapita ukunguni, juu ya nyasi. Vuuu!

"Tai! Tai! Ingieni!" akapiga kelele Nguchiro.

Purukushani! Kila mtu pangoni. Pimbi akasimama mlangoni mwa pango. Akatega sikio. Chwiri-chwiri! Chwiri-chwiri! Bonde zima linaimba.

Akasema taratibu, "Tai angekuwepo, ndege wangenyamaza. Ndege hawajanyamaza. Basi Tai hayupo." Akavuta pumzi. "Bismillahi." Fiiiii! Akapiga mbinja ya kushuka.

"Una wazimu, dada?" akafoka Nguchiro. "Na wanao wamo kati ya watakaoshuka!"

"Ndiyo maana nimefikiri kwanza." Akawashika wanawe, akatangulia yeye.

Kivuli kikarudi. Vuuu! Kikashuka, kikashuka... Korongo! Korongo na miguu yake ya vijiti, amekuja kunywa maji. Mwamba mzima ukaangua kicheko. Wakala nyasi, wakala panzi, matumbo yakawa ngoma.

Karani akamtazama Pimbi. "Swali hilo sikuwahi kukuuliza."

"Uliuliza pacha wake, Mwalimu. Nikalikosa."

"Ulinzi ni wako. Lakini kesho kuna jaribio."

"Utanikuta," akasema Pimbi, mdomo umejaa nyasi.

Nanyi mnaosoma, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: majaribio madogo ya kila mara si adui. Yanakuonyesha kosa lako likiwa bado dogo. Usiombe swali la jana. Lielewe kosa la jana, kisha mtegemee Mungu uliingie la leo.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye nyasi. Aliyeshiba na aseme alhamdulillahi.