Pembea ya Mzee Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiposa, wakioana na kuwaogopa wakwe kama sisi, Mzee Tembo alikuwa mkuu wa bonde zima. Siku alipotawazwa alinguruma, "Hapa nitawajengea uwanja wa michezo! Mtelezo mrefu! Mashua ya kuzunguka! Na pembea ya kufika mawinguni!" Akapigilia vigingi, ngo! ngo! ngo! Wanyama wakapiga vigelegele. Basi, ikaishia hapo. Vigingi vikaota uyoga.

Siku ile Kobe alikuwa mtoto. Alikimbia mbio zake zile za kobe, akawahi nafasi ya kwanza kwenye foleni ya pembea. Wenzake walichoka wakaenda zao. Yeye akaolewa, akafiwa na mume, akawa bibi, na kila asubuhi bado alikwenda kusimama penye kigingi.

"Bibi, hapa hakuna pembea," jirani yake Digidigi akamwambia. "Unangoja nini?"

"Mjukuu wangu, tangu nizaliwe nimeona visigino tu. Natamani nione mbali, mara moja, kabla sijafa."

Digidigi alilia, siwafichi. Kisha akafuta machozi, akatimka, tipwi, tipwi, tipwi, mpaka ng'ambo ya mto kwa wakwe zake Mzee Tembo.

"Hodi! Mkwe wenu anawasalimu. Uwanja uko tayari, mje na wajukuu!"

Kesho yake wakaja, ukoo mzima. Mzee Tembo kuwaona tu, masikio yakaanza kumtetemeka.

"We Digidigi! Nani kawaita wakwe zangu?"

"Sifa zako, Mzee. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Nitapona wapi mimi? Pembea yenyewe iko wapi?"

"Si hiyo hapo usoni? Kunja mkonga, hivi. Waambie ulikuwa unaikuza."

Baba mkwe akakohoa. "Kho! Haya mwanangu, tuonyeshe hiyo pembea."

Mzee Tembo akainamisha macho kwa aibu, akakunja mkonga. "Hii hapa, baba. Nani wa kwanza?"

"Mimi," akasema Bibi Kobe. "Nipo hapa tangu ulipoahidi."

Tembo akamkalisha mkongani, akamwinua taratibu, juu, juu zaidi, wiiii! Bibi Kobe akatoa shingo yote nje ya gamba. Akauona mto unakotoka. Akaona milima ambayo hajapata kuisikia hata jina. Machozi yakamdondokea Mzee Tembo kwenye paji la uso, to, to, to.

Chini watoto wakaanza kupiga kelele, zamu yao haifiki.

"Bibi, shuka basi," Tembo akanong'ona. "Mkonga unaniuma. Nikungoje mpaka lini?"

"Ngoja tu, Mzee," akajibu Bibi Kobe kutoka juu, macho yake bado milimani. "Mimi nilikungoja."

Tembo akangoja.

Mnaona, wanangu: mkubwa husahau alichoahidi, lakini mdogo aliyeahidiwa hasahau.