Bwire na Vyungu vya Nyaguru

Mla mlimani hashibi bondeni.

Maneno hayo aliyasema Mama Nyamisi, mwenyeji wa ufukweni katika kisiwa cha Nyaguru, alipowaona vijana waliotoka mjini kuja kutembea milimani na kuonja vyakula wakiongeza sahani ya tatu kwenye nyumba ya kwanza kabisa. Vijana wakacheka, wakauliza msemo huo umetoka wapi.

"Umezaliwa hapa hapa," akajibu, akivuta kigoda. "Na aliyeuzaa alikuwa mlaji kuwapita ninyi nyote." Kisha akawasimulia ulivyoanza.

Bwire alikuwa kijana wa ng'ambo, wa nchi tambarare ambako kilima kirefu kuliko vyote ni kichuguu. Alikuwa hodari wa kulima kwa ng'ombe, hodari wa kubeba mizigo, lakini sifa yake iliyovuma ilikuwa kula. Akionekana anakuja kwenye shughuli, wapishi waliinjika sufuria nyingine bila kuambizana. Hakuwa mchoyo wala mkorofi. Ila chakula kikiwa mbele yake, hakujua kukipa kisogo.

Siku moja gulioni alikutana na Nyangeta, binti wa Nyaguru aliyekuja kuuza uyoga mkavu. Wakazoeana, wakapendana. Bwire alipotaja habari za posa, Nyangeta hakumficha.

"Mimi nimelelewa na bibi yangu, Bibi Kaseka, kwenye kaya ya mwisho kule kileleni. Yeye ndiye baba yangu, yeye ndiye mama yangu. Njoo wakati wa mavuno, upande mpaka kwake, ule chakula chake. Akikukubali yeye, nami nimekubali."

Sasa, Nyaguru haina barabara. Ina njia moja ya miguu, inayotoka ufukweni na kupanda hadi kileleni, na njia hiyo hupita katikati ya nyua za watu. Wakati wa mavuno kila kaya huweka chungu mlangoni, na mgeni hapiti bila kuonja. Ndiyo raha ya kisiwa. Ndiyo mtego wake pia.

Bwire alikuja na shangazi yake, Nyafuru, ambaye aliwahi kukitembelea kisiwa hicho ujanani. Shangazi alikuwa ameanza kumuusia tangu nyumbani.

"Baba, hivyo viatu vipya viache, vaa vilivyokuzoea. Shika fimbo, usione haya. Maji uyanywe kwa mafunda madogo. Ukishuka, shuka upandeupande. Na kuhusu chakula, kubwa kuliko yote..."

Lakini kufikia hapo walikuwa wameshakanyaga ufukwe, na harufu ya sato aliyechemshwa kwa nyanya na ndimu ilikuwa imeshamfikia Bwire puani. Hilo kubwa kuliko yote hakulisikia. Na viatu vipya alikuwa navyo miguuni.

Kaya ya kwanza alimaliza sato wawili na mlima mzima wa ugali wa muhogo. Wenyeji walimshangilia, naye akanogewa. Kaya iliyofuata palikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, vinavyoliwa na karanga. Akala mpaka ungo ukaonekana chini. Mbele kidogo kulikuwa na kuku wa kienyeji, akamkaribisha tumboni. Mbele tena maziwa mgando, akayasindikiza na ndizi za kuchoma.

Kuanzia hapo njia ikasimama wima kama ukuta. Bwire akapanda hatua chache, akakaa juu ya jiwe. Akainuka, akapanda, akakaa tena. Viatu vilimng'ata visigino, tumbo likamtangulia kama mzigo wa mtu mwingine. Shangazi alimsukuma mgongoni kwa fimbo kama anayeswaga ng'ombe, huku vicheko vikimponyoka.

Walifika kileleni jua likielekea kuchwa. Bibi Kaseka, mwanamke mfupi mwenye macho makali, alikuwa amewangoja tangu mchana. Akaitikia shikamoo zao, kisha Nyangeta akaleta chungu: uyoga mbichi wa kileleni uliopikwa kwa samli, na ugali wa ulezi.

"Karibu, mjukuu wangu," bibi akasema. "Kula."

Bwire akamega tonge, akachovya, akatia mdomoni. Tonge likafika kooni likagoma. Akanywa maji, likateremka kwa shida. La pili mkono wenyewe ulikataa kulimega. Jasho likamtoka, si la kupanda.

"Bibi, nisamehe. Sikukidharau chakula chako. Nimeshiba huko chini."

"Huko chini umeposa kwa nani?"

"Sijaposa kwa mtu, bibi."

"Mbona karamu umeimalizia huko? Mjukuu wangu yuko huku juu."

Nyangeta akainamisha uso. Shangazi Nyafuru akafungua kinywa aanze kuomba radhi, lakini Bwire akamshika mkono.

"Shangazi, usiniombee. Kinywa changu ndicho kilichokosa, acha miguu yangu ihangaike. Bibi, naomba nirudi nikalale ufukweni, kesho nipande upya. Ukiamua kunifungia mlango, basi unifungie nikiwa na njaa."

Bibi akakifunika chungu. "Kesho chungu kitakuwa motoni," akasema. "Zaidi ya hapo sikuahidi kitu."

Bwire akashuka peke yake, viatu mkononi, akamwacha shangazi alale kwa Bibi Kaseka.

Asubuhi alianza upya, peku, na fimbo mkononi. "Karibu, mlaji wetu!" akaita mama wa kaya ya kwanza, na mwiko ukiwa tayari. Bwire akamega tonge dogo, akachovya, akatafuna polepole. Hapo ndipo alipoigundua ile ndimu, jinsi inavyokuja mwishoni kabisa, taratibu. Jana alikuwa amemeza tu.

"Mbona unaishia hapo? Tumekuudhi?"

"Hapana, mama. Ni kitamu mno. Lakini kuna chungu cha mlimani kinaniita."

Mama yule akacheka, akafunga kipande cha sato kwenye jani la mgomba. "Basi hutaondoka mikono mitupu."

Ikawa hivyo kila mlango. Alionja, akashukuru, akafungiwa chake. Tumbo likawa jepesi na miguu ikawa myepesi, hata akapata macho ya kutazama: vivuli vya mawingu vikitembea juu ya ziwa, matuta ya ulezi yaliyoshikiliwa na mawe. Pale pa jiwe la jana alipita akiimba.

Kwa Bibi Kaseka alifika njaa ikimkaba. Alikula uyoga, akaongezwa, akaumaliza, akafuta chungu kwa tonge la mwisho. Bibi akakiondoa chungu. Macho yake yalikuwa kwenye vifurushi.

"Na hivyo ni nini?"

"Ni vyakula vya kaya za njiani, bibi. Sikutaka kuwavunjia heshima wenyewe."

Bibi akafungua kifurushi cha kwanza. Harufu ya sato ikapanda. Akamega kipande, akaonja.

"Magoti yangu yaliacha kushuka Nyangeta akiwa bado anatambaa," akasema taratibu. "Kila mavuno wageni hunipandia na chakula cha ufukweni matumboni mwao. Mimi naambulia kunusa tu." Akaonja tena, uso ukamkunjuka. "Haya, huyu wa chini bado anatia ndimu kama mama yake! Na karanga hizi, mkono wa nani huu? Kumbe bado yupo, mchoyo wa chumvi yule!"

Akaendelea hivyo, kifurushi kwa kifurushi, akiwataja majirani kwa ladha zao, akicheka na kujifuta machozi kwa ncha ya khanga. Alipomaliza aligeuka.

"Nyangeta, mbona umesimama? Mletee mumeo maji anawe."

Shangazi Nyafuru akapiga kigelegele kilichosikika mpaka kaya za chini.

Siku ya harusi watu wa ufukweni walimtania bibi harusi kwamba mumewe amepoteza sifa ya ulaji, kwani mara ya pili alipita kwao akidokoa kama kifaranga. Bibi Kaseka akajibu kwa niaba yake, kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mwacheni mwanangu. Mla mlimani hashibi bondeni."