Karatasi ya Tatu Nyuma ya Pazia

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na mji pembezoni mwa jangwa wenye birika moja tu la maji. Mara tatu watu wake walichagua msimamizi wa birika hilo: wa kwanza kwa nasaba yake, wa pili kwa sauti yake tamu, na wa tatu kwa kuwa alicheka na kila mtu. Mara tatu birika likakauka kabla ya mvua, na watoto wakazikwa.

Ndipo Sheikh Burhani, imamu wa mji, akaweka utaratibu mpya. Kila anayeutaka usimamizi ataandika namna atakavyoyagawa maji. Bi Safura, mnakili wa misahafu, atazinakili karatasi zote kwa mwandiko wake, atazichoma zile za asili, kisha atazisoma uani mwa msikiti nyuma ya pazia, bila kutaja jina. Kila mtu atatia kokwa ya tende katika mtungi wa karatasi aliyoiridhia. Majina atayajua Bi Safura peke yake, na kwa hilo aliapishwa.

Karatasi zilikuwa tatu. Ya pili ilikuwa ya Idrisa, aliyenyonya ziwa moja na Bi Safura. Ya tatu ililetwa na Mas'udi, mwosha maiti, ambaye watu walikikwepa hata kivuli chake. Ilinuka kafuri, na pembeni pake palikuwa na alama ya kidole kibichi. Bi Safura akainakili kwenye karatasi kavu, akaichoma ya asili, akanawa mikono mara tatu.

Asubuhi ya siku ya kura, Mas'udi alikutwa amefariki. Waliokwenda kumwosha hawakupata kazi: alikuwa amekwisha kuoga, amejivika sanda yake, amelala kwa ubavu wa kulia kuelekea kibla. Watu wanne tu walimzika. Bi Safura alijiuliza kama aiondoe karatasi yake, lakini alikuwa ameapa kuzisoma zote alizopewa.

Baada ya Alasiri akasoma. Alipoifungua ya tatu, aliisogeza karibu na macho. Kwenye nakala yake mwenyewe, pembeni palepale, palikuwa na alama ya kidole, nayo ilikuwa mbichi. Harufu ya kafuri ikajaa nyuma ya pazia.

"Kila nyumba kata saba za maji kwa siku," alisoma, "ya tajiri na ya mjane. Mfereji usafishwe kabla ya kiangazi. Msimamizi ateke wa mwisho."

Watu wakapita mmoja mmoja wakatia kokwa zao. Mitungi ilipomwagwa, wa tatu ulikuwa na kokwa nyingi kuliko miwili mingine kwa pamoja.

Idrisa akasogea kwenye pazia, akanong'ona, "Dada, sema hiyo ni yangu."

"Si yako, Idrisa."

"Najua ni ya nani. Harufu hiyo naijua. Lakini maiti hatawali, dada. Sema ni yangu, nami nitayafanya yote yaliyoandikwa. Nani atadhurika?"

Neno lake lilikuwa na sura ya haki, na hilo ndilo lililomtisha Bi Safura. Akaitazama karatasi. Ubichi ulikuwa umeenea hadi kwenye wino, wala hakuna herufi iliyochujuka.

Akapaza sauti. "Enyi watu! Mliyemchagua amezikwa leo asubuhi. Ni Mas'udi."

"Yule mwosha? A'udhu billahi!" mtu akapiga kelele.

"Mimi hata salamu yake nilikuwa siitikii!" akasema Abu Hilali, mfinyanzi. "Tupige upya!"

"Upya kwa lipi, Abu Hilali?" akauliza Bi Khaula, muuza siki. "Maneno yamebadilika? Kata saba zilikuwa haki ulipodhani ni za mwenye kilemba. Leo ni za mwenye sanda, zimekuwa sita? Kokwa yangu mimi siichukui."

Hakuna aliyeinuka kuichukua yake. Sheikh akauliza ni nani atakayeapa kuitekeleza karatasi ile bila kuongeza wala kupunguza. Kisha Idrisa, kichwa chini, akasimama akaapa, na akataka iandikwe kwamba ni karatasi ya Mas'udi.

Hadi kufa kwake alikuwa akiteka wa mwisho. Husemwa kwamba kata yake ilinuka kafuri kila siku, naye akiinywa na kuhimidi.

Ndugu msomaji, watu wale waliipenda haki kwa ule muda mfupi ambao hawakumwona mwenyewe. Inatisha kufikiri ni mara ngapi tumeikataa kwa kuwa tulimwona. Mola atujaalie tuisikie, hata ikitoka kwa yule ambaye salamu yake hatukuiitikia.